Wiki ya Taya

Ukitaka kumjua daktari wa meno wa jeshi, mtazame mkono wa kulia, achana na nyota za begani. Bi Ng'oa alikuwa na mkono wa seremala: mnene, wenye sugu kiganjani, kidole gumba kimepinda kidogo kwa nje kwa miaka mingi ya kushika koleo. Alikuwa kapteni. Alikuja kwenye hospitali yetu ya jeshi akitokea kambi moja ya mpakani ambako hapakuwa na eksirei, wala drili ya kutegemewa, wala muda. Huko jino likiuma lilikuwa na dawa moja tu. Askari wa mpakani walitaniana kwamba ukimchekea sana Afande utarudi na pengo, na jina la Bi Ng'oa alipewa na wao, akahama nalo kama mtu anavyohama na godoro lake.

Mimi ni luteni, daktari wa meno vilevile, na wananiita Kasuku. Sababu mtaiona wenyewe. Mwaka ule tulikuwa wanne tuliochaguliwa kwa mafunzo ya juu ya tiba ya meno kwa jumla. Jeshi haliwezi kupeleka bingwa wa fizi, bingwa wa mizizi na bingwa wa taya kila linapopiga hema, kwa hiyo linamchukua daktari wa kawaida, linamkamua mwaka mzima, ili akitoka hapo aweze kusimama peke yake porini na kutibu chochote kilichomo mdomoni mwa askari. Tulifundishwa kuokoa jino ambalo zamani tungeling'oa bila kufikiri. Tulitengeneza meno bandia, tukashona midomo iliyopasuka, tukafunga taya zilizovunjika.

Mkuu wa mafunzo alikuwa Kanali mmoja mwembamba, asiyependa kelele, na alikuwa na utaratibu wake. Kila wiki mmoja wetu alikuwa na wiki ya taya. Taya lolote litakaloletwa ndani ya wiki yako ni lako, kuanzia waya wa kwanza mpaka wa mwisho, hata wiki ikishapita. Humkabidhi mwenzio. Ukilifunga vibaya utakutana nalo korido limepinda, na mwenyewe atakuwa anakutazama. Njia hiyo ilitunyima usingizi, lakini ilitufundisha.

Miezi ya kwanza Bi Ng'oa aliteseka. Mkono wake ulikuwa umezoea kung'oa, ukawa unaenda kwenye koleo wenyewe. Kanali alikuwa anapita nyuma yake na kusema taratibu, "Kapteni, weka chini," naye anaweka chini huku anauma meno. Jioni tulipokuwa tunaosha mikono alinisimulia kwao. Baba yake alikuwa fundi mwashi aliyeangukiwa na ukuta. Yeye ndiye mzaliwa wa kwanza, na kitinda mimba wao alizaliwa baba akiwa ameshazikwa. Alimbeba mgongoni huku anasoma, alimlipia shule kwa mshahara wake wa kwanza, na kijana alipokosa kazi mwaka hadi mwaka, ni yeye aliyemwambia ajiunge na jeshi. Kitinda, kama walivyomwita nyumbani, sasa alikuwa kuruta kwenye chuo cha makuruta kilicho ng'ambo ya barabara, mbele ya dirisha letu kabisa. Walikubaliana wasimwambie mtu kuwa ni ndugu, asije akadekezwa au akaonewa. Mimi niliambiwa kwa kuwa nilikuwa rafiki, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu kasuku alifunga mdomo.

Kwenye chuo kile kulikuwa na sajenti mkufunzi aliyeitwa Nyundo. Sikumpenda tangu nilipomwona, na simpendi hata leo. Alikuwa mtu wa kiasi, nadhifu, buti zake unaweza kujitazamia. Alikuwa na imani moja, kwamba mtu hawi askari mpaka avunjike mahali. Na makuruta wake walikuwa wanavunjika. Waliletwa kwetu wameshika shavu, damu na mate vinachuruzika kwenye kola, na wote walikuwa na maelezo mamoja: nimeteleza bafuni.

Sasa mtu anayeteleza bafuni huanguka kifudifudi. Kidevu kinapasuka, na taya linavunjika juu kabisa, karibu na masikio. Hawa wa Nyundo videvu vyao vilikuwa vizima. Taya zao zilivunjika kwenye kona, chini ya sikio la kushoto, mmoja baada ya mwingine. Hapo hapo ndipo inapotua ngumi ya mtu anayetumia mkono wa kulia. Tuliona, Kanali aliona, kila mtu aliona. Kanali alipeleka taarifa juu, taarifa ikapokelewa, ikalala huko ilikolala.

Kuruta wa tatu alipoletwa, ilikuwa wiki ya Bi Ng'oa. Alikuwa kijana mwenye masikio makubwa, na alipoulizwa aliteleza wapi akaanza kulia bila sauti. Bi Ng'oa alimfunga taya, akavua glavu, akatoka. Nilimfuata mbio. Tulivuka barabara, tukawakuta makuruta wamepanga mistari uwanjani jua la saa tano likiwachoma, na Nyundo mbele yao. Akapiga saluti safi.

"Yule wa asubuhi amefanyaje?" aliuliza Bi Ng'oa.

"Aliteleza bafuni, Afande."

"Na wa juzi?"

"Aliteleza, Afande."

"Bafu lenu lina mikono?"

Kuruta mmoja wa mstari wa mbele akacheka, kicheko kidogo kilichomponyoka puani. Nyundo aligeuka, akamtwanga ngumi ya tumbo mbele yetu sote, kijana akajikunja na kupiga magoti mchangani. Kabla sijafumba mdomo, Bi Ng'oa alikuwa ameshampiga Nyundo kofi. Lilikuwa kofi la mkono ule wa seremala. Kofia yake iliruka, shavu likaanza kuwiva hapo hapo. Makuruta wote waliona.

Nyundo aliokota kofia, akaipangusa vumbi, akaivaa sawasawa. Akapiga saluti tena. "Asante, Afande," alisema.

Nilipenda lile kofi. Nasema kweli, nililipenda mpaka kwenye mifupa. Lakini tukiwa tunarudi nilimwambia, "Dada, umechokoza nyuki na mwenye mzinga yupo mbali. Watakaoumwa ni makuruta." Aliutia mkono mfukoni mwa koti, akaongeza mwendo.

Haikuchukua muda, mtu akanong'ona chuoni kwamba yule kuruta mrefu wa bweni la mwisho ni damu ya Kapteni wa meno. Siku chache tu baadaye Kitinda aliletwa kwetu, amebebwa begani na wenzake wawili. Kona ya taya la kushoto. Damu ilikuwa imemjaa mdomoni na jicho moja halifunguki.

"Umefanyaje?" Bi Ng'oa alimuuliza.

"Nimeteleza, dada."

"Hapa hakuna mtu. Niambie mimi."

"Nimeteleza," alisema tena, na machozi yakamtoka kwenye jicho lile zima.

Kanali alisema ndugu hamtibu ndugu. Bi Ng'oa alisema wiki bado ni yake na utaratibu ni wa Kanali mwenyewe. Akamfunga. Nilimshikia taa, na sijawahi kuona kazi nzuri namna ile: vyuma vyembamba juu na chini vimelala kwenye fizi, na nyaya nne zinazobana taya la juu na la chini, mbili kila upande, hakuna hata ncha moja inayochoma shavu. Mkono wa kung'oa ulikuwa umejifunza.

Mtu aliyefungwa taya hawezi kufungua mdomo. Anakunywa uji kwa mrija, anaongea kwa meno yaliyofungana. Hatari yake ni moja: akitapika, matapishi hayana pa kutokea, yanarudi kwenye pumzi. Ndiyo maana kila tunayemfunga tunamvalisha shingoni mkasi mdogo wa kukatia waya, kwa uzi imara, na havui hata anapooga. Bi Ng'oa alimfundisha mdogo wake mbele ya kioo, kama alivyokuwa akiwafundisha wote.

"Tumbo likipanda usijaribu kusema, hutaweza. Inama mbele. Shika mkasi, kata hizi nne. Ukishindwa, nyoosha mkono, mwonyeshe aliye karibu ulipo mkasi, akukatie."

"Dada," kijana alinung'unika kwa meno yaliyofungwa, "tangu utotoni ulikuwa unataka ninyamaze. Leo umepata."

Tulicheka. Bi Ng'oa alimpiga kikofi kisogoni, akamfunga uzi yeye mwenyewe, mafundo mawili.

Kuruta asiye na homa halali wodini. Uvimbe ukipungua anarudi bwenini na karatasi ya kazi nyepesi. Bi Ng'oa alimwomba Kanali amweke zaidi. Kanali aliomba juu, juu wakakataa. Kitinda akavuka barabara asubuhi na mkasi wake shingoni.

Yaliyofuata tulisimuliwa na wenzake, na wote walisema mamoja. Kwenye gwaride Nyundo alisimama mbele yake, akautazama ule uzi. "Mkufu gani huu? Askari havai mkufu." Kijana alijaribu kueleza kwa meno yaliyofungwa, akatoa mlio usioeleweka. Nyundo aliushika mkasi, akauvuta mpaka uzi ukakatika, akautia mfukoni mwa suruali. Karatasi ya kazi nyepesi hakuisoma. Akawakimbiza na mizigo mgongoni muda mfupi baada ya uji. Kitinda alipochoka na kubaki nyuma, Nyundo alimpeleka nyuma ya ghala, na wengine akawaamuru wageuke watazame ukuta. Walisikia ngumi. Walisikia kikohozi kilichokwama. Wakasikia ngumi nyingine, kisha kimya. Hakuna aliyeona.

Walimleta mbio kwenye machela. Bi Ng'oa alikuwa anaziba jino la mpishi mmoja, akaacha drili inazunguka yenyewe. Alikata nyaya zote nne, akampindua, akaingiza vidole kooni, akatoa uji. Akampulizia pumzi. Akambonyeza kifua mpaka nikasikia ubavu ukilia. Uso wa kijana ulikuwa umeshageuka rangi ya wino. Kanali alimshika mabega Bi Ng'oa kutoka nyuma, akamwambia, "Basi, Kapteni," naye akaendelea kubonyeza. Ilibidi tuwe watatu kumtoa.

Wakati huohuo ng'ambo ya barabara palilipuka. Nilisikia ngurumo ya watu, nikatazama dirishani: makuruta walikuwa wamevunja mistari. Wale watoto wa watu, waliokuwa wanaogopa hata kupiga chafya mbele ya Nyundo, walimvamia kwa vikombe vya bati, kwa buti, kwa vyuma vya vitanda. Mimi, mwoga wa ngumi anayejulikana, sijui ni shetani gani aliyenituma niende kuamua. Nilifika nikamwona kuruta mwenye masikio makubwa, taya lake bado limefungwa waya, anampiga Nyundo usoni kwa kikombe, anapiga na kulia, anapiga na kulia. Nikasukumwa nikaanguka, buti la mtu likanikanyaga mkono. Polisi wa jeshi walifyatua risasi hewani ndipo watu wakatawanyika. Nyundo alibaki amelala chali, uso haujulikani ulipo. Nami nilirudi na vidole viwili vimevimba kama ndizi, vimevunjika.

Kitinda akasafirishwa kwao. Bi Ng'oa alikwenda kumzika, na huko mama yao hakumuuliza habari za ngumi wala za mahakama. Aliuliza swali moja tu: "Mwanangu alisema nini mwisho?" Bi Ng'oa alirudi kazini kabla likizo ya msiba haijaisha, na mama akawa anapiga simu kila siku, na kila siku ni swali hilohilo. Bi Ng'oa alikuwa akitoka kwenda kuongea ukumbini na kurudi uso umemsawajika. Siku moja aliniambia, "Kasuku, sitaki afungwe, sitaki afe, sitaki chochote. Nataka kujua ndugu yangu alifanya nini nyuma ya ghala. Mama hawezi kulala, na mimi siwezi." Aliyejua alikuwa mmoja tu duniani, naye alikuwa amelala wodini kwetu, taya limevunjika pande mbili, amefungwa pingu kitandani.

Wapelelezi walikwenda kumuuliza. Alionyesha taya lake, akatikisa kichwa. Wakampa kalamu, akaiweka chini. Daktari wa maiti alisema kijana alizibwa pumzi na matapishi na kwamba ana michubuko tumboni, lakini mchubuko hausemi nani. Wenzake walisikia, hawakuona. Nyundo alijua kwamba akinyamaza atatoka na adhabu ya kukosa umakini, mambo yakaisha.

Nyundo aliletwa katika wiki ya nani? Ya kwangu. Uvimbe wake ulipopungua vya kutosha kufungwa waya, vidole vyangu vilikuwa kwenye plasta. Wenzetu wawili walikuwa wamepelekwa mpakani kwa mazoezi. Kanali mwenyewe macho yake hayakuwa tena ya kufunga waya, na alikuwa mkweli kulisema. Alisimama mlangoni, akamwambia Bi Ng'oa, "Naweza kumpeleka hospitali nyingine. Itachelewa, taya litaungana vibaya, lakini naweza."

"Afande, mfungeni vibaya muone kama ataongea," alijibu. "Mimi namtaka mwenye taya linaloongea. Nitamfunga mimi."

"Kapteni, nikuamini?"

"Luteni akae nami. Polisi wa jeshi wakae mlangoni. Ukiniona nimekosea, nitoe."

Hakukosea. Nyundo alikuwa amepigwa sindano ya ganzi, macho wazi, anamtazama tangu mwanzo mpaka mwisho, na jasho lilikuwa linamtoka mpaka mto ukalowa. Nilikuwa nasubiri mkono wa Bi Ng'oa uteleze. Nitasema lililokuwa moyoni mwangu: nilikuwa natamani uteleze. Alinyoosha vipande vya mfupa, akabana meno yaliyobaki, akafunga nyaya nne.

Kisha ikaja zamu ya mkasi. Bi Ng'oa aliuchukua, akaufunga uzi, akamgeukia koplo wa polisi wa jeshi. Koplo alitikisa kichwa. "Afande, mahabusu haruhusiwi chuma. Siwezi kumwachia mkasi. Nikimwachia ni mimi nitakayelala ndani."

"Basi nani atakaa nao?"

"Wewe, Afande, au muuguzi. Si yeye."

Nyundo alielewa. Alianza kuvuta pingu, anatoa mlio puani, anaonyesha shingo yake kwa kidole. Bi Ng'oa alimsogelea. "Hii si amri yangu," alimwambia. "Nitakaa nawe kila ukila. Sitaondoka."

Ikawa hivyo. Kila uji ulipoletwa, Bi Ng'oa alivuta kiti karibu na kitanda, mkasi magotini, na mimi nikakaa kwenye kitanda kitupu cha jirani. Alimsubiri anywe. Alipomaliza, alimuuliza jambo moja, kwa sauti ya kawaida: "Ndugu yangu alifanya nini?" Nyundo aligeukia ukuta. Kesho yake hivyohivyo. Hakumtisha hata mara moja, na nadhani ndicho kilichomtisha zaidi. Yule mtu alianza kuogopa uji. Alikisogeza kikombe, akautazama uji, akautazama mkasi, akanywa matone mawili. Alikonda, mifupa ya shingo ikamtoka. Nilifurahi, na sikuona haya kufurahi. Bi Ng'oa hakufurahi. Na yeye alikuwa hapati tonge la maana. Muda wa chakula chake ndio aliokuwa akiutumia pale.

Mchana mmoja uji ulimpalia. Alikohoa mara moja, tumbo likajikunja, mashavu yakamvimba, na uji ukamtoka puani. Alikaa wima kwa ghafla, pingu ikamrudisha. Macho yakamtoka. Mkono ule usio na pingu aliunyoosha mbele, vidole vimepanuka, kuelekea magotini kwa Bi Ng'oa.

Nilimwona Bi Ng'oa anautazama ule mkono. Ilikuwa kitambo kidogo sana, lakini nilikiona, na koplo mlangoni alikiona, na Nyundo alikiona.

Kisha alimrukia. Alikata, akakata, akakata, akakata. Akampindua kando, akatia vidole viwili mdomoni kuchomoa uchafu, na Nyundo katika kupapatika akamng'ata. Nilisikia jino likigusa mfupa. Damu ya Bi Ng'oa ikachanganyika na uji shukani, naye hakutoa vidole mpaka njia ikawa wazi. Mtu yule alivuta pumzi kwa mlio wa kutisha, mara moja, mara ya pili. Akalala amelegea anatetemeka, kidevu kinaning'inia.

Bi Ng'oa alijifunga kitambaa kidoleni. Ni Nyundo aliyeanza kusema, sauti imekauka, maneno yanatoka nusunusu kwa sababu ya taya.

"Alininyooshea mkono," alisema. "Hivyohivyo. Hivi nilivyofanya mimi sasa hivi."

"Kwa nini?"

"Mfukoni mwangu. Mkasi ulikuwa mfukoni mwangu. Mimi sikujua. Nilimpiga ya tumbo, akaanza kukohoa, akaja mbele na mkono. Nikadhani anataka kunipiga." Alimeza mate kwa uchungu. "Nilishapigwa na dada yake mbele ya watu. Nikasema na huyu tena? Nikampiga. Akaanguka chali. Mkono bado alikuwa ameunyoosha."

Koplo mlangoni alikuwa amesikia kila neno, nami pia. Niliinuka. Nilikuwa na mkono mmoja mzima na ulinitosha. Nilitaka kumkamata lile taya na kulivunja tena pale lilipoanza kuungana. Bi Ng'oa alinizuia kwa kiwiko bila kunitazama.

"Shika taa," aliniambia. "Lazima afungwe upya kabla mfupa haujahama."

"Dada, muache apinde!"

"Kasuku. Shika taa."

Nikashika. Alimfunga tena nyaya nne, na kitambaa cha kidole chake kiliacha alama nyekundu kwenye shavu la Nyundo kila alipomgusa. Wakati huu Nyundo alifumba macho. Siku zilizofuata koplo alitoa ushahidi wake, nami nikatoa wangu, kasuku mzima bila kupunguza kitu, na mahakama ya jeshi ilimvua Nyundo cheo na kumpeleka gerezani. Bi Ng'oa alimaliza mwaka, Kanali akamwomba abaki kuwafundisha wengine. Nyundo alipotoka wodini, taya lake lilikuwa limeungana sawasawa, huwezi kujua kama liliwahi kuvunjika.

Lakini mchana ule, baada ya waya wa mwisho, simu ya Bi Ng'oa ililia mfukoni. Alitoka kwenda ukumbini, nami nikamfuata. Alipokea, na sauti ya mama yake ilikuwa kubwa mpaka nikaisikia pale nilipokuwa nimesimama.

"Mwanangu alisema nini mwisho?"

"Hakusema kitu, mama. Hakuweza kusema. Mimi ndiye niliyemfunga mdomo."

Aliihamishia simu kwenye sikio la pili.

"Alinyoosha mkono, mama, kama nilivyomfundisha. Aliomba akatiwe waya. Yule mtu akadhani anapigwa, kwa sababu mimi nilikuwa nimempiga kofi mbele ya watu. Mimi ndiye niliyempiga kwanza." Aliyasema yote, hakuruka hata moja, ameegemea ukuta, damu imepenya kitambaani na kudondoka kwenye buti.

Nilidhani simu imekatika. Kisha nikamsikia yule mama anapenga kamasi, anashusha pumzi, na kuuliza kwa sauti ya kuchoka:

"Na wewe, mwanangu, umekula?"

Bi Ng'oa aliteremka na ukuta mpaka sakafuni, simu ikiwa sikioni, akalia kwa sauti pale ukumbini mbele ya wagonjwa na wauguzi, kwa mara ya kwanza tangu alipomzika Kitinda, na mama yake hakukata simu.